Mwanangu Ameambiwa Mwili Wake Hauelei. Nimjibuje?

Swali: Naishi Marekani na binti yangu wa miaka 10. Mwaka huu alijiunga na klabu ya kuogelea. Baada ya wiki chache kocha msaidizi alimwambia, mbele ya wenzake, kwamba mifupa ya watu Weusi ni mizito na hawaelei vizuri, hivyo angefaa zaidi kwenye riadha. Tangu siku hiyo mtoto hataki kurudi. Wapo hata ndugu zetu wanaosema kocha hakukosea, eti kuogelea si mchezo wetu. Mimi mwenyewe sijui kuogelea na naogopa maji, basi nashindwa hata kumtetea. Je, kuna ukweli wowote katika maneno hayo? Na nifanye nini?

Jibu: Mama, pole kwa yaliyompata binti yako. Jibu fupi ni hapana. Mwili wa mtoto Mweusi unaelea na kuogelea kama mwili wa mtoto mwingine yeyote, na ukifundishwa vizuri unashinda. Kocha anayeamini kinyume chake hajaijua kazi yake, maana kuelea ndilo somo la kwanza la kazi hiyo. Jibu refu nimeliandika kwa ajili yako na kwa ajili ya hao ndugu zako.

Uongo wa mifupa haufi kirahisi kwa sababu una chembe ya ukweli ndani yake. Vipimo huonyesha kwamba, kwa wastani, mifupa ya Wamarekani Weusi ina madini mengi kidogo kuliko ya Wamarekani Weupe. Sasa tupige hesabu. Mifupa yote ya mtu mzima ni takriban asilimia 15 ya uzito wake, kwa hiyo mtu wa kilo 70 ana mifupa ya kilo 10 hivi. Tukubali, kwa kumpendelea kocha, kwamba ya mtu Mweusi imezidi kwa asilimia 10 nzima. Hapo tumeongeza kilo moja. Lakini kila lita moja ya hewa unayoingiza kifuani hukuinua majini kwa kiasi cha kilo moja, na mapafu ya mtu mzima hubeba lita nne hadi sita. Tofauti yote inayotangazwa kama kizuizi cha kimaumbile inafutwa na mtu kuvuta pumzi kwa kina kidogo tu.

Kinachoamua nani anaelea juu na nani anaelea chini kidogo ni hewa iliyomo kifuani, kiasi cha mafuta na misuli, na namna mwili ulivyolala. Mambo hayo hutofautiana sana kati ya mtu na mtu wa rangi moja, hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Waogeleaji wengi wa kiwango cha juu, wa kila rangi, wakilala majini bila kupiga miguu, miguu yao hushuka. Wana misuli mingi na mafuta machache. Hakuna aliyewahi kuwaambia waende wakakimbie.

Mwache binti yako alione hilo mwenyewe. Katika maji yanayomfika kifuani, mtu mzima anayejua kuogelea akiwa pembeni yake, avute pumzi ya kujaza kifua, aingize uso majini, akumbatie magoti yake na kutulia. Mgongo wake utapanda juu. Kisha atoe hewa polepole kupitia puani, naye ataona anaanza kushuka. Akishachezea kupanda na kushuka mara mbili tatu, hakuna kocha atakayemdanganya tena kuhusu mifupa, kwa sababu atakuwa amejua kifaa cha kuelea kiko wapi na kinaendeshwa vipi.

Lipo jambo lingine ambalo walimu wa kuogelea tunaliona mara kwa mara. Mtoto aliyeambiwa atazama huingia majini akiwa amekakamaa. Anainua kichwa juu ili asimeze maji, na kichwa kikipanda nyonga hushuka. Pumzi inakuwa fupi, kifua kinakosa hewa, miguu inapiga ovyo. Anazama kweli. Kocha aliyekuwa na dhana yake anatazama ukingoni na kusema, mnaona? Maneno yake ndiyo yaliyomzamisha mtoto, kisha anayahesabu kama ushahidi. Hii ndiyo sababu nasema tukio hilo si dogo, na binti yako hakosi kuwa imara kwa kukataa kurudi. Amekataa kufundishwa na mtu aliyekwisha kumhukumu.

Kuhusu kuogelea kutokuwa mchezo wetu, hebu ndugu zako wasikie wageni wa zamani waliandika nini. Alvise Cadamosto, baharia wa Venice aliyefika pwani ya Senegal mwaka 1455, aliwaeleza watu wa huko kuwa waogeleaji hodari kuliko wote duniani. Mwaka 1602 Mholanzi Pieter de Marees aliandika kwa kustaajabu juu ya uogeleaji na uzamiaji wa watu wa Pwani ya Dhahabu, ambako leo ni Ghana. Ustadi huo ulijulikana kiasi kwamba Waafrika waliotiwa utumwani walipelekwa Karibi, kwenye visiwa kama Margarita, kuzamia lulu. Karne hizo hakuna aliyelalamika kuhusu uzito wa mifupa yao.

Hata mtindo huru ambao binti yako anafundishwa leo, ule wa kupitisha mkono mmoja baada ya mwingine juu ya maji, haukuzaliwa Ulaya. Mwaka 1844 wanaume wawili wa watu wa Ojibwe, wenyeji wa Amerika Kaskazini, walishindana London wakiogelea kwa kurusha mikono namna hiyo. Waingereza, waliozoea mtindo wa kifua, waliwaona wepesi lakini wakaudharau mtindo wenyewe kuwa si wa Kizungu. Na mtu aliyeutangaza kwa ulimwengu mzima alikuwa mwenyeji wa Hawaii, Duke Kahanamoku, aliyetwaa dhahabu ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912 na tena Antwerp mwaka 1920.

Kilichotokea baadaye ni kufungwa kwa milango, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu unaishi katika nchi ilikotokea. Tarehe 27 Julai 1919 huko Chicago, kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea katika Ziwa Michigan akavuka mpaka usioandikwa popote uliotenga maji ya Weupe. Mzungu mmoja alirusha mawe, kijana akafa maji, polisi wakakataa kumkamata mtu huyo, na ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Katika miaka ya 1920 na 1930 miji ya Marekani ilijenga mabwawa mengi ya umma, makubwa na ya kupendeza. Mengi yalikuwa ya Weupe peke yao, kwa sheria huko kusini na kwa vipigo huko kaskazini. Jiji la St. Louis lilipofungua bwawa la Fairground Park kwa watu wote tarehe 21 Juni 1949, umati wa Weupe uliwashambulia watoto Weusi waliokuja kuogelea, na meya akairudisha amri ya utengano siku hiyohiyo.

Tarehe 18 Juni 1964 huko St. Augustine, Florida, meneja wa hoteli moja alimwaga tindikali katika bwawa ambamo waandamanaji Weusi na Weupe walikuwa wakiogelea pamoja. Picha yake ilizunguka dunia. Siku iliyofuata Seneti ilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia, iliyokataza ubaguzi wa rangi mahali pa umma. Ungedhani mambo yaliishia hapo. Miji kadhaa iliona afadhali isiwe na bwawa kuliko kuwa na bwawa la wote. Jackson, Mississippi, ilifunga ya kwake, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema mji una ruhusa ya kufanya hivyo. Wenye uwezo wakajichimbia mabwawa nyumbani au wakaunda klabu binafsi, kwa kuwa sheria ya 1964 haikuzigusa klabu za kweli za watu binafsi. Sehemu moja ya kuogelea huko Arkansas, Lake Nixon, ilijiita klabu na kutoza senti 25 kama ada ya uanachama, ada ambayo kila Mzungu aliyefika aliweza kuilipa papo hapo. Mahakama ya Juu iliukataa ujanja huo mwaka 1969.

Weka matukio haya juu ya umri wa watu. Mtoto wa Jackson aliyekuta bwawa limefungwa katika miaka ya 1960 leo ni bibi au babu. Hakujifunza, hakuwafundisha wanawe, nao wakawakataza wajukuu kukaribia maji kwa hofu ya mapenzi kabisa. Kisha mwaka 1987 Al Campanis, kiongozi wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, alisema kwenye televisheni ya taifa kwamba watu Weusi si waogeleaji wazuri kwa sababu hawaelei. Alipoteza kazi kwa maneno aliyoyatoa usiku ule, lakini alichokisema ndicho hichohicho alichoambiwa binti yako. Kwanza walifungiwa milango, halafu wakaambiwa ni maumbile yao.

Jibu la Campanis lilikuja mwaka mmoja baadaye. Katika Olimpiki ya Seoul ya 1988, Anthony Nesty wa Suriname alimshinda Mmarekani Matt Biondi katika mita 100 za mtindo wa kipepeo kwa sekunde 53.00 dhidi ya 53.01. Alikuwa mwanamume Mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika kuogelea, na mwaka 2024 ndiye aliyekuwa kocha mkuu wa wanaume wa Marekani huko Paris. Kabla yake Enith Brigitha, mzaliwa wa Curaçao aliyeiwakilisha Uholanzi, alikuwa ameondoka Montreal mwaka 1976 na medali mbili za shaba. Na mwaka 2016 huko Rio, Simone Manuel wa Marekani aligusa ukuta wa mita 100 mtindo huru kwa sekunde 52.70, sawasawa na Penny Oleksiak wa Kanada, wakagawana dhahabu.

Pengine ndugu zako watakukumbusha yule mtu wa Equatorial Guinea, Eric Moussambani, ambaye dunia ilimcheka Sydney mwaka 2000 alipomaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Wakumbushe na wewe kwamba alikuwa ameanza kujifunza mwaka uleule, katika bwawa dogo la hoteli, na hakuwahi kuona bwawa la mita 50 kabla ya kufika pale. Miaka minne baadaye alikuwa akiogelea umbali huohuo chini ya sekunde 57. Mifupa ilikuwa ileile.

Majina haya mpe binti yako, lakini kwa kiasi. Usimwambie kwamba Weusi wamezaliwa waogeleaji, maana hiyo nayo ni dhana ya rangi iliyogeuzwa upande wa pili. Wala usimtwike kazi ya kuuthibitishia ulimwengu jambo. Ana miaka 10, anastahili kuogelea vibaya siku akichoka, bila rangi yake yote kupimwa kwa mzunguko mmoja. Na ile sifa ya kwamba angefaa riadha, mweleze kuwa si sifa. Anayependa kukimbia akimbie kwa sababu anapenda.

Ningependa ulione jambo hili kuwa kubwa kuliko medali. Takwimu za CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, zinaonyesha kwamba watoto Weusi wa miaka 10 hadi 14 hufa maji katika mabwawa ya kuogelea kwa kiwango cha mara 7.6 ya wenzao Weupe. Utafiti uliofadhiliwa na wakfu wa USA Swimming, shirikisho la kuogelea la Marekani, na kutolewa mwaka 2017 ulikuta asilimia 64 ya watoto Weusi hawajui kuogelea au wanajua kidogo sana, na kwa watoto Weupe ni asilimia 40. Tarehe 2 Agosti 2010 huko Shreveport, Louisiana, vijana sita wa familia mbili walikufa katika Mto Red. Mwenzao mmoja, ambaye aliokolewa, alitumbukia kwenye kina ghafla, wao wakaingia mmoja baada ya mwingine kumwokoa, hakuna aliyejua kuogelea, na wazazi waliokuwa ukingoni hawakujua pia. Kocha anayemfukuza mtoto majini kwa neno la dharau anamwacha katika hatari hiyo.

Sasa klabu. Omba kikao na msimamizi kwa maandishi, ueleze kilichosemwa, siku gani na mbele ya nani. Usiombe adhabu kwanza. Dai mambo mawili: maneno yale yakanushwe mbele ya watoto walewale walioyasikia, kwa kuwa nao wamefundishwa uongo, na binti yako apewe kocha mwingine au kocha yule afundishwe upya kabla ya kumgusa tena. Kama ni klabu ya shule au taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu, Sehemu ya VI ya Sheria ile ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kumbagua mtoto kwa rangi yake, na una haki ya kuandika malalamiko rasmi. Ukiona msimamizi anacheka au anasema kocha alitania, ondoka ukatafute kwingine. Mlango uliokusudia kumpokea mtoto hujulikana mapema.

Utaujuaje mlango huo? Mimi hutazama mambo madogo kabla ya maneno mazuri yaliyobandikwa ukutani. Je, ada imepunguzwa kwa wasio na uwezo bila mzazi kuombaomba? Ratiba inamfaa mzazi anayefanya kazi za zamu? Mtoto wa Kiislamu anaruhusiwa vazi la kumfunika bila mabishano? Walimu ni watu wa aina moja tu? Tazama hata picha. Mwaka 2016 Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lililazimika kuomba radhi kwa bango la usalama wa bwawani ambalo watoto waliochorwa wakivunja kanuni walikuwa wengi wao watoto wasio Weupe. Waliolichora huenda hawakukusudia, lakini mtoto anayelitazama kila akija mazoezini anapokea ujumbe.

Kofia nazo ni kipimo kizuri. Kofia ya kawaida ya kuogelea haitoshi kwenye nywele nene au zilizosukwa. Inabana, inachomoka, inampa msichana aibu mbele ya wenzake. Kampuni ya Soul Cap ya London ilitengeneza kofia pana kwa ajili hiyo, lakini mwaka 2021 shirikisho la dunia la kuogelea lilizikatalia mashindanoni kwa madai kwamba hazifuati umbo la asili la kichwa. Mwaka huohuo Alice Dearing alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea Olimpiki. Kelele zikapigwa, na mwaka 2022 kofia hizo zikaidhinishwa. Kwa hiyo akikataliwa kofia yake pana, unayo hoja. Kuhusu nywele zenyewe, zilowesheni kwa maji safi kabla ya kuingia ili zisinywe klorini nyingi, mpakeni mafuta au krimu ya nywele kidogo, azisuke au kuzibana, avae kofia, kisha zisuuzwe mara tu akitoka. Hofu ya nywele imewatoa wasichana wengi majini kimya kimya, nami siichukulii kama urembo tu.

Nimeliacha la mwisho lile ulilolitaja kama udhaifu wako. Ule utafiti wa 2017 ulikuta kwamba mzazi asiyejua kuogelea, uwezekano wa mtoto wake kujifunza ni asilimia 19 tu. Mnyororo ulioanzia kwenye mabwawa yaliyofungwa hupita kwa wazazi, hata wazazi waliotoka nchi nyingine na hawakuhusika na historia ile, kwa sababu mtoto husoma uso wa mama yake anapokaribia maji. Ndiyo maana ombi langu kubwa kwako ni hili: jiandikishe nawe. Vituo vingi vya YMCA, shirika la kijamii lenye mabwawa na madarasa ya michezo, na mabwawa ya manispaa yana madarasa ya watu wazima wanaoanza, na baadhi yana saa za wanawake peke yao.

Watu wazima wengi waogopao maji huogopa hasa kutoweza kusimama tena. Kwa hiyo mwambie mwalimu akufundishe hilo kwanza: ukiwa umelala kifudifudi majini, vuta magoti kifuani, sukuma maji chini kwa viganja, inua kichwa, shusha miguu, simama. Lirudie mpaka likuchoshe. Jifunze pia kutoa pumzi uso ukiwa ndani ya maji, maana wanaoanza huibana pumzi na kuibana huko ndiko kunakoleta hofu. Mitindo itakuja baadaye. Hutahitaji kuwa mwogeleaji hodari ili binti yako abadilike. Atakachokiona ni mama yake akifanya jambo alilokuwa akiliogopa. Na hata mkishajua wote wawili, asiingie majini bila mtu mzima anayemtazama.

Kabla hujalipa ada ya darasa, uliza mambo matatu: kama sehemu ya kujifunzia ina kina kisichozidi kifua chako, kama wanafunzi ni wachache, na kama mwalimu huwa ndani ya maji pamoja nanyi. Akisema yeye hufundisha akiwa amesimama ukingoni, tafuta mwingine.